Bila Kupunguziwa Ujira

Chuma alirudi nyumbani jua likiwa bado liko juu, na hilo peke yake lilitosha kumtisha mkewe. Tangu waoane, mume huyo hakuwahi kuonekana nyumbani saa za kazi ila alipofiwa. Mama Cherehani, kama majirani walivyomwita kwa sababu ya kazi yake, aliondoa mguu kwenye pedeli, na sindano ikasimama katikati ya mshono.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hajafa mtu."

"Basi unaumwa."

"Siumwi. Nimeambiwa naumwa." Chuma aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, akafungua kamba za viatu vyake vizito vya kiwandani, akaviweka sawasawa ukutani kana kwamba vitakaguliwa. "Asubuhi wamekuja na mashine. Wametubandika waya kifuani mmoja mmoja, kama redio mbovu. Ambao mashine imetukataa tumetolewa kwenye tanuru."

"Mmetolewa mkapelekwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mpaka lini?"

Chuma alitazama viatu. Kiwanda kile kiliyeyusha vyuma chakavu na kuvigeuza nondo, na yeye alikiingia kabla hajaota ndevu vizuri. Alianza kwa kubeba vyuma, akapanda mpaka akawa msimamizi wa kumimina. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Chuma.

"Hawakusema mpaka lini," akajibu hatimaye. "Wamesema ni kwa usalama wetu. Ndivyo utafiti ulivyosema."

"Utafiti gani?"

Aligeuza macho tu kuelekea mlango wa chumba cha nyuma, chumba cha dada yake.

Mama Cherehani aliutazama mlango ule. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo mumewe aliiogopa kuliko kelele: "Na hiyo mashine ilipokukataa, wewe ulishangaa?"

"Mke wangu..."

"Nimekuuliza. Ulishangaa?"

Chuma akakiri kwamba hakushangaa. Dada yake alikuwa amempima mwaka uliopita, akamwambia moyo umetanuka na umechoka, akampa vidonge na kumsihi aache tanuru. Vidonge alikuwa akivimeza kiwandani, chupa yake ikikaa ndani ya kabati la nguo za kazi.

"Kwa hiyo mlikuwa mnajua nyinyi wawili," mkewe alisema. "Kaka na dada. Mimi ninayelala ubavuni mwako nilikuwa nasikiliza moyo wako usiku nikidhani umelala salama."

Daktari, dada yake Chuma, alifika jioni ile akiwa na mfuko wa nyama mkononi na uso uliojaa habari. Alikuwa mjane asiye na mtoto. Alipofiwa na mumewe, Chuma alikwenda kumchukua na sanduku lake akimwambia aje apumzike kidogo, na ile kidogo ikawa miaka. Alifundisha chuo kikuu, na kazi yake ilikuwa kuchunguza namna kazi za watu zinavyoiumiza mioyo yao.

"Wifi, leo tunakula nyama!" alisema hata kabla ya kuvua viatu. "Mkuu wa idara ameniita ofisini. Jina langu linapelekwa kwenye kamati ya uprofesa. Amesema ile makala ya tanuru ndiyo iliyofunga kazi."

Mama Cherehani aliupokea mfuko kwa mikono miwili.

"Kweli kabisa, wifi," akasema. "Imefunga kazi."

*

Makala za Daktari hazikukaa chumbani kwake. Zilikaa sebuleni, kwenye rafu pembeni ya televisheni, kwa amri ya Chuma. Lugha iliyotumika kuziandika hakuifahamu, lakini binti yake wa mwisho, Kitinda, ambaye alikuwa akisomea ualimu, alimsomea kila moja ilipotoka, mstari kwa mstari, mpaka baba mtu akazijua kama mtu anavyowajua watoto wa ndugu yake. Mgeni hakuwahi kunywa chai akaondoka salama.

"Hii ni ya moyo wa madereva wa malori," Chuma angesema, akiifuta vumbi kwa kiganja. "Wanakaa kutwa, hawalali, wanakula wanachokuta. Hii ya wauguzi wa zamu ya usiku. Hii ya wapasua kokoto. Watu wengine wanaweka makombe ya mpira. Mimi naweka haya."

Mama Cherehani alikuwa na utani wake. "Makaratasi hayachemshwi yakaliwa," alizoea kusema, na wifi yake alizoea kumjibu, "Na cherehani haijawahi kumponya mtu presha." Wakacheka wote wawili.

Sasa utani ulikwisha. Chuma aliamka kila siku kwa king'ora cha kwanza cha kiwanda. Hakuwa na pa kwenda, lakini mwili ulikuwa umezoea. Aliosha uso, akanywa chai akiwa amesimama kama mtu anayewahi, kisha akatoka mpaka kwenye kizingiti akasimama. Kutoka pale bomba la moshi lilionekana juu ya mapaa. Alijua kwa rangi ya moshi kama tanuru ndiyo kwanza linapashwa au kama chuma kimeshaiva. Alitikisa kichwa peke yake, akanung'unika, "Wameweka mapema," au, "Leo nani yuko zamu?" Mkewe alimwona akiwa na sindano mdomoni, akajifanya hamwoni.

Daktari naye alikuwa akimwona kupitia mlango wa chumba chake ulioachwa wazi kidogo. Alitamani atoke, asimame naye. Lakini kila alipotoka, kaka yake alimwamkia kwa adabu iliyokuwa ngeni baina yao. "Umeamkaje, Daktari?" Hakuwahi kumwita Daktari ndani ya nyumba ile. Alimwita mdogo wangu, au mama, au, akiwa na furaha, mtoro, kwa sababu utotoni alikuwa akitoroka kazi za nyumbani akajifiche na kitabu.

Watu waliotolewa tanuruni walikuwa kumi na wanne, na wengi wao walikaa mtaa uleule. Daktari alipokuwa anataka kupima mioyo ya watu wa tanuru, walikuwa wamekataa katakata. Nani ampe mtu damu yake bure? Chuma ndiye aliyekunja mkono wa shati mbele ya wenzake. "Huyu nimemlea mimi," aliwaambia. "Akiharibu, nijieni mimi." Wakajipanga nyuma yake mmoja mmoja, wakitaniana kuhusu sindano.

Kwa hiyo sasa walimjia yeye. Hawakuja na mawe. Walikuja na ukimya. Chuma alikwenda dukani kununua sukari akawakuta watatu wamekaa kwenye benchi. Aliwasalimu. Mmoja akaangalia simu. Mwingine akaangalia mbwa apitaye. Wa tatu alikuwa Kengele, aliyefanya kazi bega kwa bega naye tangu ujana na ambaye sauti yake ilisikika hata mashine zote zikinguruma.

"Sukari ya nini, Chuma?" Kengele aliuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. "Nyumba ya profesa hukosa sukari?"

"Kengele, ndugu yangu..."

"Damu yangu imempa dada yako cheo. Mimi imenipa likizo isiyo na mwisho. Mwambie akipata ofisi kubwa, mimi najua kufagia."

Mwenye duka alikuwa ameshapima sukari. Chuma alilipa, akaisahau kwenye kaunta. Kitinda ndiye aliyetumwa kuifuata.

*

Daktari alikwenda kiwandani bila kumwambia mtu. Mlinzi wa lango alimwambia angoje kwenye benchi la nje, na benchi lilikuwa juani. Alipokuja kufanya utafiti, mlinzi yuleyule alimpokea na kiti na kofia ngumu. Safari hii alimtazama kama mtu aliyekuja kuomba kibarua. Malori ya vyuma chakavu yaliingia na kutoka, na kila lilipopita vumbi lilimkalia kwenye nywele na kwenye mkoba wake.

Meneja alimpokea kwa tabasamu na soda baridi.

"Daktari, sisi ndio watu wa kwanza kuuheshimu utafiti wako. Wengine wangeuweka kabatini. Sisi tumeutekeleza."

"Mmewafukuza watu."

"Tafadhali. Tumewaondoa kwenye hatari." Alivuta makala kutoka kwenye meza, akavaa miwani. "Nisahihishe nikikosea. 'Wafanyakazi wenye dalili za ugonjwa wa moyo waondolewe mara moja kwenye eneo la joto.' Si maneno yako?"

"Ni yangu. Lakini kabla ya hayo nimeandika mengine. Feni za kutolea hewa moto. Maji ya kunywa karibu. Mapumziko kivulini. Zamu fupi zaidi kwa watu wa tanuru."

"Hayo ni mazuri sana. Yapo kwenye bajeti ya mwaka ujao, Mungu akipenda."

"Nilimaanisha wahamishiwe kazi nyingine. Wengi wao wanaweza kufanya kazi stoo, langoni, kwenye mizani ya malori."

Meneja alivua miwani, akaikunja polepole. Hakuwa mtu mwenye hasira. "Umeandika waondolewe. Mimi si msomi kama wewe. Nasoma kilichoandikwa."

Daktari hakuigusa soda. Alirudi kwa miguu, njia nzima, kwa sababu hakutaka kukaa karibu na mtu yeyote. Sentensi ile aliijua. Alijua pia ilivyokuwa kabla. Aliyokuwa ameiandika kwanza ilisema: waondolewe mara moja kwenye eneo la joto na wapewe kazi nyingine, bila kupunguziwa ujira. Mmoja wa wahakiki wa jarida alirudisha makala na maoni kwamba mambo ya ajira na ujira si mambo ya tiba, jarida hili ni la mioyo, na makala yenyewe imezidi urefu. Daktari alikuwa ameyasoma maoni yale akinywa chai. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshakata. Kamati ya uprofesa ilikuwa karibu kukaa, na alitaka makala itoke kabla yake.

Makala ikatoka.

*

Aliwaambia wakiwa wamekaa kula. Aliyasema yote, tangu mhakiki mpaka chai, akimtazama kaka yake tu. Kitinda aliacha kula. Mama Cherehani aliendelea kuchota mchuzi mpaka bakuli likafurika.

"Ulikata," alisema. "Kwa kalamu."

"Kwa kompyuta, wifi. Ni kubonyeza tu."

"Kubonyeza tu." Mama Cherehani aliweka upawa chini. "Mimi nikikosea mshono, nafumua. Hata kama mwenye nguo ameshaivaa akaenda nayo harusini, akirudi nafumua, nashona upya, sidai senti. Nyinyi wasomi mkikosea mnafanyaje?"

"Tunaandika masahihisho. Yanatoka kwenye jarida lilelile."

"Basi umekaa hapa unakula nini?"

"Mama," Kitinda alimtuliza.

"Sijamtukana. Nimeuliza anakula nini."

Chuma aliosha mikono kwenye beseni, akaikausha kidole kimoja kimoja.

"Ulikuwa na haraka?" aliuliza.

"Nilikuwa na haraka, kaka."

"Haraka ya nini?"

"Ya cheo."

Wote walitegemea akasirike, na huenda Daktari alitamani hivyo, maana hasira ni mazungumzo. Lakini Chuma aliangalia rafu ya makala.

"Hicho cheo nilikitaka mimi kuliko wewe," alisema. "Nilikuwa nimepanga hata siku. Ningeingia zamu asubuhi kama kawaida, nisiseme kitu. Wakati wa chai ndipo ningewaambia. Dada yangu profesa. Basi. Halafu ninywe chai yangu." Akainuka. "Sasa hata chai ya kunywa nao sina."

*

Mkuu wa idara hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango wa ofisi, akamsihi Daktari kama mtu anayemsihi ndugu yake asiruke ukuta.

"Kamati inakaa mwezi ujao. Ukipeleka masahihisho sasa, watauliza kuna nini kingine kibovu kwenye kazi zako. Wewe una machapisho ishirini na mawili safi, hayana doa. Ngoja wakupitishe, halafu sahihisha. Nani atakulaumu?"

"Kuna watu kumi na wanne nyumbani."

"Mwezi mmoja tu."

Daktari alitazama kiti cha mkuu wa idara, kiti cheusi cha ngozi chenye mgongo mrefu. Tusidanganyane: alikitamani. Alikitamani tangu siku alipokuwa mwanafunzi akifuta vyombo vya maabara, na alikitamani hata pale alipokuwa akifungua mlango kutoka. Masahihisho aliyapeleka mchana uleule. Aliwaandikia pia watu wa chama cha wafanyakazi, akawaambia yuko tayari kutoa ushahidi.

Jarida liliyachapa masahihisho kwenye kona, herufi ndogo. Kamati ilikaa, na jina lake likawekwa kando mpaka litakapotazamwa tena. Hakuna aliyemwambia ni lini.

*

Baraza la usuluhishi wa migogoro ya kazi lilikaa kwenye chumba kirefu chenye viti vya plastiki. Wafanyakazi kumi na wanne walikaa safu moja, wamevaa mashati waliyoyatunza kwa misiba na harusi. Chuma alikaa mwisho wa safu. Kengele alikaa mwanzo wake. Kati yao hakuna aliyekaa karibu na Mama Cherehani, aliyekuja na kazi ya kushona mkononi, akaketi nyuma akipiga pindo.

Wakili wa kiwanda alikuwa kijana nadhifu. Alisimama na orodha ya kazi za Daktari, akaisoma kwa heshima kubwa. Moyo wa madereva. Moyo wa wauguzi. Moyo wa wapasua kokoto, wa waokaji mikate, wa walinzi wa usiku. Alisoma mpaka mwenyekiti wa baraza akakohoa.

"Zote ni kazi zako?"

"Zote."

"Katika hizo zote, Daktari, niambie ni wapi umetaja ujira."

Daktari aliitazama orodha mkononi mwa wakili. Feni la darini lilikuwa likizunguka na kulalama.

"Hakuna," alisema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Kila mara nilitaja damu, mafuta, joto, usingizi. Mtu akisikia atadhani mioyo ile ilikwenda kazini yenyewe, haikuwa na watu. Nilitaja ujira mara moja tu, kwenye makala hii, na nikaukata kabla haujachapwa, nikaurudisha kwenye masahihisho tu. Ndiyo maana nimekuja kuutaja hapa."

Aliongea bila karatasi. Alieleza namna moyo mgonjwa unavyoumizwa na joto, na namna unavyoumizwa pia na hofu ya mtu asiyejua watoto wake watakula nini. Alisema kati ya wale kumi na wanne, wengi wanaweza kufanya kazi nzito kiasi mahali penye hewa, na alimtaja kila mmoja kwa kazi anayoiweza. Alipofika kwa Kengele, alisema anafaa kwenye mizani ya malori, kwa kuwa huko sauti yake itamfikia kila dereva bila kipaza sauti. Watu wakacheka, na Kengele akainamisha kichwa.

Wakili aliketi, kisha akasimama tena, kana kwamba amekumbuka jambo dogo.

"Umewataja kumi na watatu, Daktari. Yule wa mwisho kwenye safu ni nani wako?"

"Kaka yangu."

"Yeye umempangia kazi gani?"

Chuma aliinua macho. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo mkewe alilipiga pasi mara mbili, na mikono yake mikubwa ilikaa magotini. Aliomba kwa macho tu. Daktari aliyajua macho yale. Yalikuwa ya mtu aliyemwongoza barabarani akimshika mkono, na katika maisha yao yote hayakuwahi kumwomba kitu. Stoo ilikuwa hatua chache kutoka kwenye tanuru. Angeweza kusema stoo. Nani angembishia? Angepaona angalau, angesikia kelele, angekunywa chai na wenzake.

"Yeye hapana," Daktari alisema.

"Sikusikia."

"Moyo wake hauwezi kuwa ndani ya kiwanda kile. Hata stoo, joto linafika. Yeye apewe haki zake zote kama aliyemaliza muda wake wa kazi, akae nyumbani."

Wakili aliikunja orodha yake, akaketi. Nyuma, Mama Cherehani alikuwa ameacha kushona.

*

Uamuzi ulitoka wiki chache baadaye. Watu kumi na watatu walirudi kazini, kwenye hewa, kwa ujira wao uleule na malipo ya miezi waliyokosa. Kiwanda kikaamriwa kufunga feni kabla ya mwaka kwisha. Chuma akapewa kiinua mgongo kamili.

Mtaa ulibadilika kama mtu aliyepona homa. Kengele alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akakohoa, akashindwa kupata pa kuanzia. Mama Cherehani akamsaidia.

"Ingia, mizani. Au tuje na wewe langoni kukupima?"

Aliingia, akaomba radhi kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo. Chuma alimshika mkono, wakaongea habari za kiwandani hadi jua likazama. Lakini mgeni alipoondoka, Chuma alirudi kizingitini, akasimama akitazama bomba.

Kwa dada yake hakuwa na kinyongo, au kama alikuwa nacho hakukitoa. Alikuwa mpole tu, mpole kupita kiasi. Siku moja Daktari alishindwa kuvumilia.

"Kaka, nitukane."

"Nikutukane kwa nini? Ulisema kweli."

"Ungetaka niseme uongo?"

"Ndiyo," Chuma alijibu, bila kufikiri. Kisha akacheka kidogo kwa aibu. "Siku ile, ndiyo. Leo sijui. Nikiamka asubuhi nataka. Ikifika mchana, nikimwona wifi yako pale kwenye cherehani hana wasiwasi, sitaki. Kesho asubuhi nitataka tena."

"Unalitamani."

"Tanuru?" Aliisogeza mikono yake mbele kana kwamba anaota moto. "Watu wanadhani nimekosa mshahara. Pesa ninazo. Mimi namtamani yule mtu aliyekuwa anaingia pale asubuhi. Sijui amekwenda wapi."

Mwishoni mwa mwezi kiwanda kilimwita akachukue vitu vyake kwenye kabati. Mama Cherehani alimpigia pasi shati, kisha akamgeukia wifi yake.

"Nenda naye wewe. Wewe ndiye uliyesema hapana, basi umshike mkono akienda kuiaga kazi."

Wakaenda. Safari hii mlinzi aliwafungulia lango mwenyewe, akawapa kofia ngumu wote wawili, na Kengele alipiga kelele kutoka kwenye mizani mpaka madereva wakageuka. Vitu vya Chuma vilienea kwenye mfuko mmoja: taulo, kikombe cha bati, chupa tupu ya vidonge, glavu zilizoungua vidoleni. Alivipanga, akafunga mfuko, akasimama bila kuondoka.

"Wanakaribia kumimina," alisema. "Nasikia."

Daktari hakusikia chochote zaidi ya ngurumo. "Mpaka kwenye mstari wa njano tu," alisema. "Usivuke."

Walisimama nyuma ya mstari uliopakwa sakafuni. Hata pale, joto lilimpiga Daktari usoni kama mlango uliofunguliwa ghafla. Alikuwa amelipima joto lile kwa vipimo, alikuwa ameliandika kwa tarakimu, na hakuwahi kusimama mbele yake bila chombo mkononi. Juu yao ndoo kubwa ilikuja polepole kwenye minyororo, imejaa chuma kilichoiva. Msimamizi mpya, mwanamume wa makamo aliyefundishwa kazi na Chuma mwenyewe, alisimama kwenye jukwaa mkono wake ukiwa umenyooshwa chini. Hakuna aliyesogea mpaka mkono ule uinuke. Ukiinuka mapema, chuma kinaruka na kuunguza watu. Ukichelewa, kinaanza kuganda kabla hakijajaza kalibu za kukipa umbo.

Chuma hakumtazama msimamizi. Alitazama rangi.

"Bado," alisema chini ya pumzi. Mfuko ulikuwa umemshuka hadi kwenye kiwiko. "Bado kidogo. Usiwe na haraka. Bado..."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka kando ya paja, kiganja kimefunguliwa.

"Sasa," alisema.

Kule jukwaani mkono ukainuka. Chuma cha moto kikateremka, cheupe kwanza, kisha cha manjano kama kiini cha yai, na cheche zikasambaa sakafuni zikizimika kabla ya kufika kwenye mstari. Hakuna aliyegeuka nyuma. Hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na mtu mwingine aliyetoa ishara. Daktari peke yake ndiye aliyeisikia.

Aliutafuta mkono wa kaka yake, akaweka vidole kwenye kifundo, pale mshipa unapopiga. Chuma alimwachia.

"Unakwenda mbio," Daktari alisema.

"Acha uende," kaka yake akamjibu, macho yakiwa bado kwenye mwanga. "Nyumbani utapumzika vya kutosha."